Patroli lida wangu wananisubiri mimi kwa kila kitu, nifanyeje?

Mwalimu_Bwera aliandika:

Habari zenu humu ndani. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Bwera, wilaya ya Kasese, karibu kabisa na mpaka wa Mpondwe, nafundisha Kiswahili na tangu mwanzo wa mwaka nimeongezewa na skauti. Aliyekuwa anawaongoza alihamishwa, hedimasta akaniita ofisini akasema wewe bado kijana una nguvu, wachukue hawa watoto. Nikakubali kwa moyo wote manake mwenyewe nilikuwa skauti nikiwa shule ya msingi, P6 na P7, na nilipenda sana, ila kuwa skauti na kulea skauti naona ni kazi mbili ambazo hata hazisalimiani.

Tuko 34, wavulana na wasichana, S1 mpaka S3 (sekondari mwaka wa kwanza mpaka wa tatu), patroli nne, yaani vikundi vidogo, mbili zina watu nane na mbili zina tisa. Kila patroli ina lida, kiongozi wao mtoto mwenzao, na msaidizi wake, walipigiwa kura, skafu wanavaa vizuri, ahadi wanaijua yote. Lakini filimbi napiga mimi, watu nahesabu mimi, kamba nagawa mimi, kuni nani ataleta naamua mimi, na nikichelewa dakika kumi kwa sababu ya mkutano wa walimu nawakuta wamekaa chini ya mwembe wananisubiri, lida wote wanne wamekaa hapohapo na wenzao, hakuna aliyeanza chochote.

Kilichoniumiza ni mwisho wa muhula uliopita. Tulilala usiku mmoja kwenye kiwanja cha shule, mvua ikaja, si mnajua mvua ya huku chini ya Rwenzori ikianza haibembelezi mtu. Saa nane usiku nasikia mtu anaita nje, mwalimu, mwalimu. Natoka na tochi namkuta lida wa patroli ya pili, kijana wa S3 ananizidi urefu, amelowa mpaka viatu vinatoa maji, ananiambia mwalimu turubai letu limeng'oka. Tukaenda. Kigingi kiko chini karibu na mguu wake, jiwe la kugongea liko hapohapo, wenzake saba wamejikunyata upande mmoja wanasubiri, na mimi nikapiga magoti kwenye matope nikakigonga. Dakika mbili kazi imeisha. Akasema asante mwalimu, wakalala.

Mi sikulala tena. Nilikaa najiuliza huyu mtoto nimemfundisha nini miezi yote hii kama kigingi kiko mguuni pake na bado anakuja kuniamsha.

Sasa naomba wenye uzoefu mnisaidie. Mtoto kama huyu anafikaje mahali pa kukishika kigingi mwenyewe? Au kosa ni la kura, niwachague mimi? Na kuna wazazi wanasema skauti inawapotezea watoto muda wa kusoma, hao nawajibu nini? Andikeni hata kama ni ndefu nitasoma yote.

---

Mzee_wa_Tororo alijibu:

Mwalimu pole na kazi, na hongera kwa kukosa usingizi kwa sababu hiyo. Mimi niko Tororo, nimekaa na skauti tangu 1989 na nimewaona walimu wengi waliogonga vigingi vya watoto miaka kumi na wakalala vizuri tu.

Huyo kijana kugonga kigingi anajua. Ila tangu Januari kila kilichoharibika umekitengeneza wewe, kwa hiyo kichwani mwake kitu kikiharibika dawa yake ni mwalimu. Usiku ule ungemrudishia jiwe mkononi, ukasimama pale ukamulika tochi ukanyamaza, angekigonga, na usiku mwingine asingekuja. Kunyamaza ndio kazi ngumu. Nakwambia ukweli, mimi ilinichukua miaka kujifunza kunyamaza.

Nikupe mfano. Mwaka mmoja niliwapeleka Kaazi, ile kambi yetu ya taifa ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Busabala. Kila patroli ilikuwa inajipikia. Patroli moja lida wake alikuwa kijana wa S2, mchana hakutuma mtu kutafuta kuni, walienda kucheza mpira, jioni mvua ikanyesha kidogo ikalowesha kila kitu. Saa moja usiku patroli nyingine zinakula, ya kwake inatoa moshi tu. Mimi nimekaa kwenye kiti mita kama ishirini, na ndani ya hema langu kuna gunia zima la kuni kavu, nililificha makusudi kwa ajili ya dharura. Yule kijana akaanza kuja kwangu. Alipofika katikati akasimama, akaniangalia. Nikageuza uso nikaangalia ziwa. Mwalimu, ile dakika ni ndefu. Watoto saba wana njaa, na we unaweza kumaliza tatizo kwa kunyoosha mkono tu.

Akarudi. Akachukua panga akaanza kupasua zile kuni mbichi katikati, anatoa ganda lililolowa, anatafuta moyo mkavu. Akatuma wawili wakaombe makaa kwa jirani, mmoja akamshikia turubai juu ya mafiga. Walikula saa nne usiku, posho (ugali) ina madonge na maharage bado magumu, nilikaa nao nikala ile ile. Kesho yake saa nane mchana nikapita kwao nikakuta kuni zimepangwa chini ya turubai kuanzia kubwa mpaka vijiti vya kuwashia. Hakuna aliyemwambia, njaa ya wenzake ndiyo iliyomwambia.

Na hili si jambo la kwangu. Ndio mwanzo wenyewe wa skauti. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliona kule Mafeking, Afrika Kusini, mji ulipozingirwa vitani 1899 mpaka 1900, vijana wadogo wanapewa kazi ya kupeleka ujumbe na wanaifanya kweli. Alipojaribu skauti mara ya kwanza mwaka 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea huko Uingereza alichukua wavulana kama 20 akawagawa patroli nne, na kila patroli akaipa lida mvulana. Hakuweka mtu mzima juu ya kila patroli. Wazo hilo ndilo lililofika hapa Uganda mwaka 1915 na ndilo unalolikuta leo. Patroli ni watu sita mpaka nane kwa sababu mtoto wa miaka 14 anaweza kuwabeba watu hao kichwani, nani anaumwa, nani hajala, nani ameamka na hasira. Tisa ni wengi kidogo. Zigawe ziwe patroli tano, utaona tofauti.

Halafu ukipata nafasi nenda kozi ya Wood Badge, ya viongozi wa skauti. Zile shanga mbili za mti unazoziona shingoni mwa viongozi zinatoka huko, kozi ilianza 1919 pale Gilwell, Uingereza. Utawekwa kwenye patroli na watu wazima wenzako, mtapika pamoja, mtagombana nani aoshe sufuria, na hapo utaelewa kwa mwili wako kile watoto wanachopitia.

---

Rova_Jinja alijibu:

Mzee kamaliza. Mi naongezea ufundi mdogo tu ambao sisi marova, skauti wakubwa, tunautumia tukienda kusaidia mashule hapa Jinja.

Acha kuongea na watu 34. Ongea na lida na wasaidizi wao basi. Tafuta siku moja katikati ya wiki, sisi ni Alhamisi jioni, kaa nao wenyewe. Kama Jumamosi ni somo la mafundo, Alhamisi unawafundisha lida lile fundo mpaka wanalifunga macho yamefumbwa, na Jumamosi wanafundisha wao, kila mmoja patroli yake. We unatembea tu. Utasikia mmoja anafundisha vibaya na utataka kuingilia, usiingilie mbele ya watu wake, mvute pembeni baadaye. Ukimsahihisha mbele ya wenzake umeshamvua cheo. Sisi hiyo Alhamisi tunakula kikomando, chapati na maharage, kwenye benchi moja na lida wetu, na mambo mengi ya patroli nimeyajulia pale kuliko kwenye paredi.

Kingine, skauti wa kawaida akija kukuuliza kitu, hata kama jibu unalo mdomoni, muulize "lida wako amesemaje?" Wiki mbili za kwanza watachukia, wiki ya tatu hawaji tena wanaenda kwa lida.

Na filimbi. Kuna mlio wa kuita wote na kuna mlio wa kuita lida tu. Tumia huo wa pili karibu siku zote, lida wanakuja mbio wanachukua maelekezo wanarudi kuwaambia wenzao kwa mdomo wao. Ukitaka kujua nani ameelewa nenda kamuulize mtu wa mwisho kwenye patroli, yule mdogo wa S1, anajua tunakwenda wapi? Kama hajui, muda wa kuongea na lida wake umefika.

Halafu kila mtu awe na kazi yake. Mmoja stoo, mmoja huduma ya kwanza, mmoja maji, mmoja moto na kuni, mmoja karani, mmoja mahema. Ukimpa lida watu ambao hawana kazi, atabaki anapiga kelele tu na hakuna kinachoenda.

---

Mama_Kireka alijibu:

Mwalimu mimi si skauti, ni mzazi tu, niko Kireka, nimesoma mpaka hapa na nataka kusema kitu kabla hamjaendelea kumwambia mwalimu akae mbali.

Mwanangu alikuwa P7 walipoenda kambi, shule siitaji. Wakiwa wanapika, sufuria ya maji ya posho ikapinduka ikammwagikia mguuni. Mtu mzima aliyekuwa nao hakuwepo, alikuwa ametoka kwenda senta kuangalia mpira na simu yake imezimwa. Mnaelewa, watoto wenyewe, moto na maji yanayochemka.

Aliyemsaidia ni binti wa miaka 13 wa patroli yake. Alimvua soksi pale pale kabla mguu haujavimba, akachukua jerikani ya maji ya baridi akawa anamwagia pole pole, akamwambia mwenzake mwenye saa aangalie dakika ishirini zifike. Mwingine akaja mbio na Colgate akitaka kumpaka, si mnajua kwetu mtu akiungua ni Colgate au yai, yule binti akamwambia weka chini hiyo. Wakafunika kwa kitambaa safi, akatuma wawili barabarani kutafuta boda, mtoto akafikishwa kituo cha afya. Daktari alinieleza mwenyewe kwamba yale maji ndiyo yaliyomwokolea ngozi. Kovu lipo ila dogo. Yule binti mpaka leo nikikutana naye namkumbatia hata kama ni njiani. Yule mtu mzima moyo wangu bado haujamaliza naye.

Kwa hiyo mimi naamini kabisa mtoto anaweza kuongoza, nimeona kwa macho yangu mguu wa mwanangu. Lakini Mzee hapo juu alisema alikuwa mita ishirini, anaona, na gunia la kuni analo. Hizo mita ishirini mwalimu ziandike. Watoto wakioga ziwani au mtoni, uko pale. Moto, panga, uko pale. Wasichana wakilala kambi, awepo mwalimu wa kike, usiniambie hakuna, atafutwe. Namba za wazazi uwe nazo mfukoni na boda mmoja anayejulikana awe ameambiwa kabla. Ukiwa na hayo, mwache mtoto apike posho yenye madonge, mimi sina neno.

---

Mwalimu_Bwera aliandika:

Mama pole sana kwa yaliyokupata, na asante, nimeandika kweli, iko kwenye daftari. Mwalimu wa kike nimeshamuomba, amekubali.

Mzee, ile ya kugeuza uso kuangalia ziwa imeniingia. Mi ningempa kuni, najijua.

Bado nina swali la kura. Hao lida wanne wote ni wakubwa, wana sauti, wawili ni wachezaji wa mpira. Mmoja anawatisha wadogo, nimegundua anawafulisha skafu yake. Nimwondoe? Na nikimwondoa nachaguaje mwingine bila watu kusema mwalimu ana mtoto wake anayempenda?

---

Nesi_Arua alijibu:

Mwalimu swali hili nimelipitia mimi mwenyewe upande wa pili, nikiwa mtoto, kwa hiyo nitaandika kidogo nyingi.

Mi ni mtu wa Arua lakini nilisoma sekondari upande wa Mukono. Nilikuwa mpole sana, na Luganda yangu ilikuwa ya kuvunjika manake baba alikuwa askari na nyumbani tulikulia barracks tukiongea Kiswahili. Darasani siinui mkono. Skauti niliingia kwa sababu rafiki yangu aliingia.

Skautimasta wetu hakutupigisha kura siku ya kwanza. Alisema mkichagua leo mtachagua mrefu au mwenye sauti. Tukakaa miezi miwili bila lida, kila wiki mtu mwingine anashika bendera ya patroli na anaongoza wiki hiyo. Baadaye akatuita mmoja mmoja akauliza swali moja tu: mvua ikinyesha usiku kambini, ungependa nani katika patroli yako awe macho? Jibu unalisema sikioni kwake. Alipomaliza akatangaza. Patroli yangu wengi walikuwa wamenitaja mimi. Nilikuwa mtunza stoo, sikudhani kuna mtu ananiona.

Sasa nikawa lida na nikapata ugonjwa huo huo ulio nao wewe. Naona haya kumtuma mtu. Nikaosha sufuria za watu wanane, nikachota maji mwenyewe, nikakunja mahema mwenyewe, wenzangu wanaangalia. Ninyi hamna Baraza la Heshima? Lianzishe. Lida na wasaidizi wanakaa, karani anaandika, mwenyekiti ni mmoja wa lida, na skautimasta wetu alikuwa anakaa nyuma kwenye kona, hasemi mpaka aulizwe. Hapo ndipo msaidizi wangu, binti mdogo wa S1, alisimama akasema mbele ya wote "mimi nina malalamiko, lida wetu anatunyima kazi." Sikujibu kitu. Nilikuwa nadhani nawahurumia. Tulipotoka pale nikampa yeye moto na mwingine nikampa maji, na mikono yangu ikakosa cha kufanya wiki nzima, ilikuwa ngumu jamani.

Mwaka uliofuata tarehe 3 Juni tukapelekwa Namugongo kusaidia mahujaji, mnajua pale siku ya mashahidi wa Uganda watu wanavyokuwa, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima, wengine wanatoka Kenya na Tanzania. Patroli yangu tukapewa hema la watoto waliopotea. Saa tano hivi wakaletewa kijana wa miaka kama mitano, analia, skauti wangu wanamuuliza jina kwa Luganda, kwa Kiingereza, hajibu kitu, analia tu. Nikachuchumaa nikamuuliza kwa Kiswahili, mama amevaa nini leo? Akanyamaza kulia. Akasema leso ya kuku.

Leso ya kuku. Nikataka kukimbia mwenyewe nikamtafute huyo mama, miguu ilishaanza. Halafu nikakumbuka yale malalamiko. Nikabaki. Nikawatuma wawili wawili, wawili upande wa geti, wawili upande wa maji, wawili pembeni ya barabara, kila mmoja nikamwambia rudia nilichosema, "leso yenye picha ya kuku, anaongea Kiswahili, usimwite kwa Luganda." Mi nikabaki nimeshika mkono wa yule mtoto. Dakika arobaini. Aliyempata ni yule yule binti wa S1 aliyenishtaki, sasa S2, nikamwona kwa mbali anakuja anamvuta mama kwa mkono, mama hana kiatu kimoja.

Leo nafanya kazi wodini, zamu ya usiku nasimamia wenzangu, na mara nyingi usiku najikuta natuma wawili wawili na mimi nabaki na mgonjwa.

Kuhusu huyo anayefulisha wadogo skafu. Usimwondoe kwa hasira, na usimwondoe mwenyewe kimya kimya. Peleka kwenye baraza, wenzake wamuulize. Watoto wakiulizana wenyewe wanakuwa wakali kuliko sisi na wakati mwingine wenye haki kuliko sisi. Akikataa kubadilika, wao wenyewe watasema. Na wewe uwe macho tu asije akawalipizia wale wadogo, hapo usikae nyuma, hapo ni kazi yako.

---

Mwl_Mbale alijibu:

La wazazi nitajibu mimi maana nimepambana nalo sana. Usianze kubishana nao kwa maneno. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unataka mtoto afanye projekti, afanye kazi kwa kundi, ajieleze, apimwe kidogo kidogo mwaka mzima, na ukimwangalia skauti anayepanga bajeti ya kambi ya patroli yake, unga kilo ngapi, maharage shilingi ngapi, hayo yote anayafanya bila kusukumwa. Mzazi mwonyeshe lile daftari la bajeti lenye mwandiko wa mtoto wake, atakaa kimya.

Lakini na wewe uwe mkweli, wiki ya mitihani hakuna kambi, hakuna paredi, na ratiba ya muhula mzima wazazi wawe nayo mwanzoni. Mimi huwa nawaita siku ya mwisho ya kambi waje saa sita mchana wale chakula walichopika watoto wao. Baba mmoja ambaye alikuwa mkali kweli alikula, akaomba aongezewe, halafu akamuuliza binti yake umejifunza wapi.

---

Mwalimu_Bwera aliandika:

Wiki tatu zimepita nimerudi kuwapa habari manake mmenisaidia na si vizuri kukaa kimya.

Tuko patroli tano sasa, nne zina watu saba na moja sita. Nilitumia swali la dada wa Arua, mmoja mmoja, sikioni. Wale wachezaji mpira mmoja alibaki, wenzake wanamwamini kweli, nilikuwa sijui kwamba yeye ndiye anayewasindikiza wadogo nyumbani jioni. Yule wa skafu alipelekwa kwenye baraza. Mi nilikaa kwenye kona. Kijana mdogo wa S1 alisimama sauti inatetemeka akaeleza, na yule mkubwa akakiri, akasema naye alifanyiwa hivyo hivyo akiwa S1. Chumba kizima kikanyamaza. Wakaamua akae muhula mmoja bila cheo halafu wamwangalie tena. Mimi ningemfukuza, wao hawakumfukuza.

Na yule wa kigingi. Patroli yake ilimtaja binti mmoja wa S2. Nilimwita peke yake kabla ya kutangaza, nikamwambia mwenyewe, nikamwomba msamaha pia kwamba usiku ule nilimnyang'anya kazi yake. Aliinama muda mrefu. Halafu akauliza, mwalimu, naweza kubaki na vigingi? Nikasema vyote ni vyako. Jumatatu amekuja na vigingi ishirini na mbili vipya vya mkaratusi, amevichonga nyumbani kwao, ncha zote zimefanana, na kila kimoja amekikata kijino cha kushikia kamba.

Ijumaa nikawaachia lida bendera ya taifa waipandishe. Nilisimama nyuma kabisa ya mstari. Ikapanda, ikafunguka, na korongo wetu yuko kichwa chini miguu juu, nyekundu iko juu nyeusi iko chini. Mikono niliitia mfukoni nikaikunja ngumi. Hedimasta amesimama dirishani anaangalia. Sekunde kumi, kumi na tano. Yule binti wa S2 akatoka mstarini, akasema kwa sauti ya kawaida tu "trupu (ndio skauti wote), subirini," wakaishusha wote bado wamesimama wima, wakaigeuza, akaikagua mwenyewe fundo la juu na la chini, ikapanda tena. Hakuniangalia hata mara moja.

Sasa wameniletea karatasi. Wanataka kambi ya siku mbili mwezi ujao na kila patroli ipike peke yake, wameandika unga, maharage, mukene (dagaa), chumvi, sabuni, jina la mwalimu wa kike na jina la boda mwenye kuaminika, mama wa Kireka hilo ni lako. Shida ni sufuria. Tunazo mbili na patroli ni tano. Kama kuna mtu yuko karibu na Bwera au Kasese ana sufuria kubwa za kuazima siku tatu, naomba aseme. Nimewaambia watafute wenyewe na wameshapata ahadi ya moja kutoka kanisani, hii ya humu wameniomba niulize kwa sababu hawana simu.

---

Duka_Kasese aliandika:

Mwalimu mi niko Kasese mjini, ninazo mbili za kupikia sherehe, zinaingia watu kumi kila moja. Hela sitaki. Ila mtume huyo binti wa bendera na karatasi yake aje azichukue mwenyewe na mtu mzima, azihesabu, asaini, na siku ya kurudisha aje yeye yeye.